Darubini na Bunduki Mkono Mmoja: Starfleet ni Jeshi la Namna Gani?

Mwaka 1967, katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, nahodha James Kirk alisimama mbele ya wazee wa sayari ya Organia akawaambia kwamba yeye ni askari, si mwanadiplomasia. Mwaka 1989 nahodha Jean-Luc Picard, akiongoza chombo chenye jina lilelile la Enterprise, aliletewa mazoezi ya kivita akayapokea kwa shingo upande. Starfleet, kundi la vyombo vya anga analolitumikia, alisema, si taasisi ya kijeshi. Kazi yake ni kuchunguza anga. Wote wawili ni maafisa wa taasisi moja, wamevaa sare yake, na wote wana uwezo wa kuamuru kufyatuliwa kwa silaha zinazoweza kuteketeza mji. Kwenye ufa huo kati ya nahodha na nahodha ndipo ulipoota ubishi ambao mashabiki wa Star Trek hawajaumaliza mpaka leo.

Mimi naona ubishi wenyewe umekwama pabaya. Huyu anataja vyeo na mahakama za kijeshi, yule anataja maabara na upatanishi, na kila mmoja anaondoka na alichokuja nacho. Swali lenye uzito liko kando kidogo: je, ni busara kwa shirikisho la sayari zaidi ya 150 kuikabidhi taasisi moja kazi za kutafiti, kuokoa, kupatanisha na kupigana? Na ikishaikabidhi yote hayo, nani anaichunga?

Kwa ambaye hajaifuatilia, Star Trek ilianza kurushwa kwenye televisheni ya Marekani Septemba 1966. Mwasisi wake, Gene Roddenberry, aliwahi kurusha ndege za mabomu upande wa Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa polisi wa Los Angeles, ndipo akageukia uandishi. Ndani ya hadithi, Shirikisho la Sayari linaundwa mwaka 2161 na wanadamu wakishirikiana na Wavulkani, Waandoria na Watellari. Ofisi ya rais wake iko Paris. Makao makuu ya Starfleet pamoja na chuo chake yako San Francisco. Shirikisho lenyewe halionekani kuwa na jeshi jingine. Adui akitokea mpakani, inakwenda Starfleet. Tauni ikizuka kwenye koloni la mbali, inakwenda Starfleet hiyohiyo, na mara nyingine ni chombo kilekile na watu walewale.

Wanaosema hili ni jeshi tu hawahitaji kutoa jasho. Kuna luteni, kamanda, nahodha na admirali. Kuna amri ambayo ukiikataa unashtakiwa, na tangu msimu wa kwanza Kirk mwenyewe alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kuna ngao, silaha za miale na makombora yaitwayo topido. Jambo ambalo wengi hulisahau ni Amri ya Jumla namba 24, iliyotajwa mwaka 1967. Kirk, akiwa mateka wa serikali ya sayari iliyokuwa ikipigana vita kwa kompyuta, aliagiza chombo chake kijiandae kuitekeleza: kuangamiza uso mzima wa sayari ile. Alitaka kuwatisha, na hadithi ikaishia salama. Hata hivyo amri ilikuwepo, imeandikwa na ina namba. Taasisi ya watafiti haina sababu ya kuwa na kanuni ya namna hiyo kabatini.

Kisha kuna damu. Katika mapambano ya Wolf 359 Starfleet ilipoteza vyombo 39 na watu wanaokaribia 11,000 dhidi ya chombo kimoja tu cha Borg, viumbe nusu mashine wanaozimeza jamii nyingine. Miaka michache baadaye ikaingia katika vita na Dominion, dola hasimu ya mbali, vita vilivyochukua takriban miaka miwili, vyenye kambi, mstari wa mbele, na orodha za waliokufa zikibandikwa kila wiki. Aliyetazama kipindi cha mwaka 1998 kuhusu kituo cha AR-558 hawezi tena kuniambia kwamba wale ni wanasayansi waliobeba silaha kwa bahati mbaya. Ni askari waliochoka, wamelala mashimoni kwa miezi mitano, ilhali kanuni inataka wapokelewe baada ya siku 90.

Basi upande wa pili una nini? Unacho kikubwa kuliko unavyopewa sifa.

Kwanza ni matumizi ya muda. Jeshi la kawaida linapokuwa na amani hujiandaa kwa vita. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, na haiwezi kulaumiwa. Starfleet ikiwa na amani ina kazi nyingine tele. Inapima nyota, inasindikiza mabalozi, inapeleka dawa, inahamisha watu kabla jua lao halijalipuka. Afisa anaweza kutumikia miaka ishirini na kupanda hadi unahodha kwa sababu ya umahiri wake katika maumbile ya nyota. Hilo hubadilisha aina ya mtu anayekalia kiti cha amri siku mambo yanapoharibika. Mtu aliyezoea kujiuliza "hiki ni nini?" huchelewa kidogo kuuliza "nikipigeje?", na katika hadithi hizi kuchelewa kule kumeokoa watu mara nyingi kuliko topido. Mlinganishe na nahodha wa Waklingoni, taifa la wapiganaji lililo hasimu wa Shirikisho, ambaye msaidizi wake akimwona amekuwa dhaifu anaruhusiwa na mila kumuua na kuchukua nafasi yake.

Pili, na hili ndilo lenye nguvu zaidi, taasisi yenye kazi nyingine haihitaji adui ili iendelee kuwepo. Filamu ya sita, iliyotoka mwaka 1991 wakati Vita Baridi vikifikia ukingoni, iliweka jambo hili mezani waziwazi. Mwezi wa Waklingoni umelipuka, dola yao haina tena uwezo wa kugharimia uhasama, na pendekezo la amani limeletwa: vituo vya mpakani vivunjwe. Mmoja wa waliohudhuria akauliza kama hiyo ina maana meli zote zitafungiwa ghalani. Mkuu wa majeshi akamjibu kwamba mipango ya sayansi na uchunguzi haitaguswa. Jibu hilo ni la thamani kubwa, maana ni majeshi machache katika historia ambayo yangeweza kulitoa na likaaminika. Jeshi ambalo kazi yake ni moja tu likiambiwa adui amekwisha linaambiwa kwamba nalo limekwisha, na hapo usishangae likitafuta adui mpya.

Ila filamu hiyohiyo inageuka kuwauma wanaoitumia kama ushahidi. Pamoja na uhakika ule, baadhi ya maafisa wa juu wa Starfleet, admirali Cartwright akiwamo, walikula njama na jenerali wa Waklingoni na balozi wa Waromulani, mahasimu wengine wa Shirikisho. Kansela wa amani akauawa, na rais wa Shirikisho naye akanusurika. Kwa hiyo kuwa na darubini hakukuwatosha. Walikuwa na kazi nyingine ya kufanya, nzuri na yenye heshima, na bado waliona bora kuua kuliko kuishi bila adui waliyemzoea.

Historia halisi nayo inawapa pande zote mbili mawe ya kurushiana. Uchunguzi wa bahari duniani, kwa sehemu kubwa, ulifanywa na watu wenye sare. Chombo cha Uingereza kiitwacho Endeavour, kilichoondoka mwaka 1768 chini ya James Cook, kilitumwa kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Beagle, iliyombeba Charles Darwin kuanzia 1831 hadi 1836, ilikuwa ya jeshi la wanamaji. Challenger, ambayo safari yake ya 1872 hadi 1876 iliweka msingi wa elimu ya bahari, ilikuwa manowari iliyoondolewa karibu mizinga yake yote ili maabara zipate nafasi. Anayeitetea Starfleet atasema: tazama, nidhamu ya kijeshi na sayansi vinakaa pamoja bila matatizo. Nidhamu ndiyo iliyoweza kuwaweka watu hai miaka mitatu baharini.

Lakini Cook alikuwa na barua nyingine mfukoni. Wakuu wa jeshi la wanamaji walimpa maagizo ya siri: amalizapo kutazama Zuhura, atafute bara la kusini na, kwa ridhaa ya wenyeji, ayatwae maeneo yanayofaa kwa jina la mfalme. Ridhaa ile ilivyotafutwa tunaijua. Pwani ya mashariki ya Australia ilitwaliwa mwaka 1770 bila wenyeji kuulizwa. Hapo ndipo mkosoaji anaposhikilia. Mvumbuzi mwenye mizinga si mgeni wa kawaida. Hata akiwa na nia njema kama ya malaika, aliyeko ufukweni anaiona mizinga kwanza.

Star Trek inalijua tatizo hili, na jibu lake ni Amri ya Jumla namba 1, inayokataza kuingilia maisha ya jamii ambazo bado hazijafikia uwezo wa kusafiri kati ya nyota. Ni kanuni nzuri, ingawa manahodha wameivunja mara nyingi kiasi kwamba unajiuliza inafundishwa saa ngapi pale chuoni. Ninachokiona mimi ni kwamba kanuni hiyo yenyewe ni ungamo. Unamwekea masharti makali hivyo mtu ambaye unajua uwezo wake ni mkubwa na wa hatari. Kundi la wanajiolojia wasio na silaha lingehitaji sheria nyepesi zaidi.

Je, njia ya kutenganisha inawezekana? Inawezekana, na imejaribiwa. Mwaka 1958 Marekani ilipounda NASA iliamua kwa makusudi iwe ya kiraia, mbali na majeshi yaliyokuwa tayari yanashindania roketi. Utengano huo haukuwa mkamilifu: wanaanga wa mwanzo walikuwa marubani wa kijeshi, na kati ya watu watatu wa Apollo 11, Buzz Aldrin na Michael Collins walikuwa maafisa wa Jeshi la Anga, huku Neil Armstrong akiwa raia aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la wanamaji. Bado aliyetua mwezini alitua kwa bendera ya wakala wa kiraia, na hilo lilikuwa na maana yake kisiasa. Mkataba wa Anga za Juu uliotiwa saini mwaka 1967 nao ulikubali hali hii ya mchanganyiko. Ibara yake ya nne inapiga marufuku kambi za kijeshi mwezini na silaha za nyuklia kwenye mzingo wa dunia, kisha inaruhusu wanajeshi kutumiwa kwa utafiti wa kisayansi. Waliouandika hawakuogopa mtu mwenye cheo. Waliogopa kambi na silaha.

Hadithi nayo imejaribu utengano. Kabla ya Shirikisho, Dunia ilikuwa na Starfleet yake ndogo ya uchunguzi na kando yake kikosi cha mashambulizi kilichoitwa MACO. Msimu wa mwaka 2003 uliwapandisha askari hao kwenye chombo cha wachunguzi, na kilichofuata ni msuguano ambao yeyote aliyewahi kuona idara mbili zikigombea dawati moja angeutabiri. Mkuu wa silaha wa chombo na meja wa kikosi walifikia hatua ya kupigana ngumi. Mshika mawili moja humponyoka, wasema wakosoaji wa kuunganisha. Waliotenganisha nao waligundua kwamba wawili wakishika kimoja hukivunja.

Shirikisho lilipoundwa, MACO ikavunjwa. Filamu ya mwaka 2016 inatuonyesha matokeo kwa mtu mmoja, Balthazar Edison, askari wa kikosi kile aliyepewa unahodha wa chombo cha uchunguzi kana kwamba mtu ni kofia ya kuhamishwa kutoka kichwa hiki kwenda kile. Alichukia. Alichojua kufanya kiligeuzwa aibu, na maadui aliowapoteza wenzake mikononi mwao wakawa marafiki wa kupeana mikono. Edison anaishia kuwa muuaji, kwa hiyo ni rahisi kumpuuza. Malalamiko yake ya msingi hayapuuziki. Taasisi inayosema "sisi si jeshi" huku ikiwa na askari ndani yake inawaambia askari hao kwamba hawapo.

Hapa ndipo mimi ninapoanza kuwaacha mkono watetezi wa Picard. Kuunganisha kazi hizi naweza kukutetea hadi kesho. Kukana ndiko kunakonishinda, kwa sababu kukana kuna gharama, na wanaoilipa si wale waliokana.

Chukua Enterprise ya Picard. Ni chombo chenye watu wapatao elfu moja, na miongoni mwao wako wenza na watoto. Kina shule. Kina mahali pa kunyoa nywele. Kina pia topido, na hutumwa kwenye mpaka wa Waromulani. Wazo lililo nyuma yake ni zuri: safari za miaka mingi zisimtenge mtu na familia yake. Tena chombo kinaweza kujigawa, sehemu ya makazi ikabaki nyuma na sehemu ya mapigano ikasonga mbele. Tuliliona hilo katika kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 1987. Baada ya hapo uwezo huo ulitumika mara chache mno, na chombo kikaendelea kuingia hatarini kikiwa na madarasa yake. Pale Wolf 359, chombo kiitwacho Saratoga kilipigwa familia zikiwa ndani. Benjamin Sisko, aliyekuwa ofisa wa pili kwa ngazi, alimtoa mwanawe akamwacha mkewe chini ya vifusi. Hakuna jeshi linalojiita jeshi ambalo lingepakia watoto kwenye manowari inayokwenda vitani. Ilihitajika taasisi inayoamini kwa dhati kwamba haina manowari.

Linganisha na Defiant, iliyoonekana kwanza mwaka 1994. Kwenye makaratasi ni chombo cha kusindikiza. Sisko anawaeleza wenzake ukweli: ni manowari, haina familia, haina maabara, haina anasa yoyote. Ilibuniwa kwa ajili ya Borg. Na hapa watetezi wana neno la kusema, nami nalikubali: Borg walipoonekana si tishio la haraka tena, na kasoro za mfano ule zilipojitokeza, Starfleet iliuweka mradi kando. Ni jeshi gani lenye uchu wa vita huifungia stoo manowari yake bora? Nguvu ya mazoea ya utafiti ilionekana pale. Hata hivyo, angalia kwamba ilihitaji kusajiliwa kwa jina la uongo ndipo iingie kwenye orodha ya vyombo vyao.

Mfano wa karibu kabisa duniani ni Japani. Ibara ya 9 ya katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947 inakana vita na kukataa kuwa na majeshi. Tangu 1954 nchi hiyo ina Vikosi vya Kujilinda vyenye vifaru, ndege na meli. Ni rahisi kucheka na kusema ni unafiki. Lakini ukanaji ule ulifunga mikono kwelikweli. Wanajeshi wa Japani walipokwenda Samawah, Iraq, mwaka 2004, walikwenda kwa kazi za ujenzi na maji, matumizi yao ya silaha yakiwa yamebanwa kiasi kwamba ulinzi wa eneo ulitegemea majeshi ya nchi nyingine. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba taasisi kujieleza kuwa si jeshi ni maneno matupu. Yanaweza kuwa kamba. Tofauti ni kwamba kamba ya Japani imeandikwa kwenye katiba, inabishaniwa bungeni na mahakamani. Ya Starfleet imo katika tabia ya manahodha wake. Ukimpata Picard, uko salama. Ukimpata mwingine?

Mwaka 1996 tulimpata mwingine. Baada ya mlipuko kuua watu 27 kwenye mkutano huko Antwerp, admirali Leyton aliamini kwamba serikali ya kiraia ni legevu mno kwa adui anayeweza kujigeuza sura yoyote. Akawatumia makadeti wa kikundi teule kuzima umeme wa Dunia nzima, kisha akamwacha rais afikiri ni adui. Rais akatangaza hali ya hatari, na watu wenye sare za kuchunguza nyota wakajaa mitaani wakiwapima raia damu. Leyton aliposhtukiwa aliagiza chombo kimoja cha Starfleet, Lakota, kikifyatulie kingine.

Jaribio lilishindwa. Swali ni lilishindwa kwa nini. Bunge halikulizuia, mahakama haikulizuia, na hapakuwa na kikosi kingine cha kulizuia, maana Shirikisho halina kingine. Lilishindwa kwa sababu nahodha wa Lakota alifika mahali akakataa kuendelea kuwapiga wenzake, na kwa sababu Sisko hakumtii bosi wake wa zamani. Watetezi wanaona hapo ushindi wa malezi ya Starfleet: maafisa waliofundishwa kufikiri waligoma. Sipingi. Lakini naona pia dola yenye wakazi wasiohesabika ikiwa imening'inia kwenye dhamiri ya mtu mmoja katikati ya mapigano, na sijui mtu makini anayeweza kuuita huo mfumo wa ulinzi.

Kuhusu uwezo wa kupigana sitakawia, kwa sababu hoja ya kwamba wachunguzi hupigana vibaya haina mashiko makubwa. Ni kweli kwamba ardhini Starfleet ni kichekesho: hawana magari ya deraya, hawana mizinga ya maana, wanakwenda kushambulia wakiwa na bunduki na ujasiri. Nadhani bajeti ya utengenezaji wa vipindi inahusika kuliko mkakati wowote. Angani wanajimudu.

Nipendekeze nini basi? Sitaki Shirikisho liunde jeshi la pili. Majeshi mawili yangegombea bajeti, na lile la vita tupu lingekuwa na kila sababu ya kumkuza adui. Ninalotamani kuliona ni swichi inayoonekana. Marekani ina mfano mdogo unaofaa: Walinzi wa Pwani. Kisheria ni sehemu ya majeshi. Kwa siku za kawaida wanaokoa mabaharia, wanakagua meli na kukamata magendo, wakiwa chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Congress ikitangaza vita na kuagiza hivyo, au rais akielekeza, wanahamishiwa chini ya Jeshi la Wanamaji. Watu ni walewale, meli ni zilezile, ila kila mtu anajua ni lini wamevuka mstari na nani aliyewavusha. Starfleet haionyeshi mstari huo. Inateleza kutoka utafiti hadi vita na kurudi, na anayeamua kwamba tumeshafika huko mara nyingi ni nahodha aliyeko karibu.

Swichi ingebadilisha mambo ya kawaida kabisa. Ikiwashwa, familia zinashuka. Ikiwashwa, saa inaanza kuhesabu, na baada ya muda fulani Baraza la Shirikisho linapaswa kupiga kura upya. Kanuni ya siku 90 kwa askari wa mstari wa mbele inakuwa sheria yenye mtu wa kuwajibika nayo. Maafisa waliorudi na majeraha ya akili wanahesabiwa kuwa wastaafu wa vita. Hakuna anayewaambia kwamba walikuwa kwenye safari ya utafiti iliyokwenda mrama.

Kuna pingamizi mbili, na ya kwanza ni nyepesi. Borg hawasubiri kura. Kweli, ila swichi haimkatazi nahodha kujilinda. Inahusu nini kinafuata saa arobaini na nane baadaye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sina dawa yake kamili. Vita na Dominion viliishia kwa tiba. Waasisi wa Dominion, wale wenye uwezo wa kujigeuza sura, walikuwa wakifa kwa ugonjwa, na ugonjwa huo ulitengenezwa na Kitengo cha 31, kundi la siri lililojificha nyuma ya Starfleet na kujitambulisha pale tu lilipotaka. Tiba yake ilipatikana kwa jitihada za daktari wa Starfleet, Julian Bashir. Yaani mkono mmoja wa Shirikisho ulipika tauni, mwingine ukaisaka dawa. Baraza la kiraia, lile ninalotaka likabidhiwe swichi, lilipoulizwa kama Waasisi wapewe tiba hiyo lilikataa. Aliyewapa ni Odo, aliyekuwa wa asili yao na wala hakuwa afisa wa Starfleet, na vita vikasimama kwa sababu yake.

Kwa hiyo raia wenye kura wanaweza kuchagua maangamizi kwa mikono yao iliyo safi, sawa na admirali yeyote. Wanachotofautiana nacho ni kidogo na mimi nakitaka: uamuzi wa Baraza ulikuwa na wenyewe, ambao sayari zao zinaweza kuwaita na kuwauliza. Walioutengeneza ule ugonjwa hawakuwa na ofisi wala jina kwenye orodha yoyote ya Starfleet, na mtu wa kwanza kuwauliza maswali alikuwa daktari aliyelazimika kuingia ndani ya akili ya mmoja wao aliyekuwa anakufa.